MKAJA WA NDANI NA MKAJA WA NJE

Kwa siku tatu nyumba yangu ilikosa amani, na sababu yake ilikuwa ni kipande cha nguo.

Bintiyangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa pili, mwanamume, alhamdulillahi, na kama ilivyo desturi alikuja kwetu apate kutunzwa hadi arubaini yake iishe. Mamangu, ambaye umri wake sasa wakaribia miaka 80, na ambaye kwa mikono yake amewakanda wazazi wengi kuliko anavyoweza kuwahesabu, alifungua kasha lake akatoa mkaja. Ni nguo ya marekani iliyokuwa nyeupe, sasa imeingia rangi ya maziwa kwa uzee, ndefu ya kumzunguka mtu mara kadhaa, nayo yanukia udi. Ndiyo aliyofungwa yeye aliponizaa mimi. Akaikunjua kitandani kama mtu akunjuaye hati ya shamba.

Bintiyangu akakataa. "Nyanya, muuguzi ameniambia nisijikaze tumbo."

"Huyo muuguzi amezaa wangapi?"

Tangu hapo hapakuwa na salama. Mamangu akawa aona kwamba mjukuu wake atabaki na tumbo la mfuko na mgongo wa kuuma mpaka kufa kwake. Bintiyangu naye akawa akumbuka kwamba baada ya uzazi wa kwanza alifungwa kwa nguvu mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na kwamba tangu siku zile alihisi uzito chini ya nyonga ambao hakuwa nao kabla. Mke wangu alikuwa kati, kama ngoma ipigwayo pande mbili. Siku ya tatu mamangu akanigeukia mimi, ambaye kwa kawaida sina kauli katika mambo ya wazazi, akasema: "Wewe si ndiwe uandikaye magazetini? Haya, katuulizie."

Basi nimeulizia. Na haya niandikayo yameandikwa kwa ruhusa ya wote watatu.

KILEMBA CHA BABA, MKAJA WA MAMA

Nianze na neno lenyewe, kwani ndiyo kazi niijuayo.

Katika harusi za Waswahili, mbali na mahari ambayo ni haki ya bibi arusi mwenyewe kisheria, kulikuwa na vitu walivyopewa wazee. Baba alipewa kilemba. Mama alipewa mkaja, na pengine ubeleko. Siku hizi vyote hivyo hutolewa fedha ndani ya bahasha, na kijana aozwaye huviona kama ushuru tu. Ukimwuliza mkaja ni nini atakujibu ni shilingi kadhaa. Lakini mkaja ni ile nguo afungwayo mzazi tumboni, na ubeleko ni ile nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Mimi naisoma desturi hiyo hivi: anayemchukua binti wa watu humlipa mamake kwa viungo viwili vilivyochakaa kwa ajili ya binti huyo, tumbo na mgongo.

Tazama tena. Mwanamke atakaye kutwanga, au kuingia katika ngoma, huvingirisha kanga yake kiunoni, na hicho ndicho kibwebwe. Na mtu yeyote aingiaye katika kazi nzito, hata awe ni waziri, twasema amejifunga kibwebwe. Mwanamume alijifunga masombo. Lugha yetu yote yashuhudia kwamba nguvu za mtu haziko mikononi wala miguuni, bali ziko pale katikati, na kwamba pale katikati pataka kufungwa.

Swali ni moja: pafungwe na nini?

KITI MSIKITINI

Jambo hili mimi nalijua kwa mgongo wangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika sala ya alfajiri, niliinuka kutoka sijida ya pili na kitu kikanishika chini ya mgongo kama koleo. Sikuweza kusimama wala kukaa. Wenzangu walipotoa salamu walinikuta nimeegemea mikono yangu kama mtoto ajifunzaye kutambaa, wakanibeba.

Nilifanya yote ambayo mtu wa kwetu hufanya. Nilikandwa kwa mafuta ya simsim yaliyochemshwa na karafuu. Niliumikwa chuku. Nilipigwa sindano. Katika hospitali moja nilipigwa picha, nikapewa vidonge, na nikauziwa mshipi mpana wenye vyuma ndani, nikaambiwa niuvae. Sikuambiwa hadi lini. Nikauvaa miezi minane, nikiuvua kwa ajili ya kulala na kuoga tu.

Na miezi minane hiyo nilisali juu ya kiti.

Nataka nieleweke vizuri. Ruhusa ipo, wala si jambo la kuonea haya. Imepokewa katika Bukhari kwamba Imran bin Huswayn, ambaye alikuwa na maradhi ya bawasiri, alimwuliza Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, juu ya sala yake, akajibiwa kwamba asali kwa kusimama, na asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Dini haikumtesa mtu. Lakini mimi nilipelekwa chuoni nikiwa na umri wa miaka 5, na tangu nilipoijua sala paji la uso wangu lilikuwa halijakosa kugusa chini hata siku moja. Kukaa pale ukingoni mwa safu, nikiinamisha kichwa hewani ilhali wenzangu wote wameteremka, kulikuwa ni uchungu ambao hauko katika orodha ya dalili aulizayo daktari.

Sheikh wetu ndiye aliyenistua. Aliniona nasali nimekaa tangu takbiri hadi salamu, akaniita pembeni: "Waweza kusimama?" Nikamwambia kusimama naweza, kuinuka ndiko kunakonishinda. Akanambia, "Basi simama katika kisimamo, na kaa katika kile kilichokushinda tu. Ruhusa ni ya kadiri ya udhuru." Halafu akaongeza, kama mtu asemaye habari ya hali ya hewa: "Na huo udhuru usiuzoee. Utafutie dawa."

"AMI, NDANI KUMELALA"

Dawa yenyewe niliipata kwa kijana mmoja mtaalamu wa viungo, ambaye umri wake ni wa kuwa mwanangu. Alinitazama nikivua viatu, nikiketi, nikiinuka. Kisha akauelekezea kidole mshipi wangu.

"Ami, huu umeuvaa muda gani?"

"Miezi minane."

"Basi ndani kumelala."

Akanilaza chali juu ya mkeka, magoti juu. Akaniambia niweke vidole viwili tumboni, ndani kidogo ya ule mfupa wa nyonga utokezao mbele. "Vuta pumzi. Sasa itoe polepole, na itokapo, livute ndani hilo tumbo la chini, taratibu, kama unapita katika uchochoro mwembamba na hutaki kanzu yako iguse ukuta." Mimi nikakaza tumbo zima kama mpiganaji ndondi. Akacheka. "Siyo hivyo, ami. Hiyo ni misuli ya juu. Huyo ninayemtafuta hapigi kelele." Ilinichukua siku nne kumpata. Alipokuja nilihisi chini ya vidole kitu kikikazika kidogo sana, kama turubali lililovutwa kamba.

Kumbe tumbo la mtu lina tabaka. Ile misuli ya mbele ambayo vijana huipigia picha ni ya juu. Chini yake kabisa mna msuli mpana mwembamba ambao nyuzi zake hazipandi wala hazishuki, bali zazunguka, toka mgongoni upande huu hadi mbele, na upande wa pili vilevile. Nilipoonyeshwa mchoro wake nilibaki kinywa wazi. Ni mkaja! Mwenyezi Mungu amemfunga kila mwanadamu mkaja, mwanamume na mwanamke, kabla hajazaliwa.

Na si peke yake. Juu, chini ya mapafu, pametandwa kiwambo cha pumzi. Chini, kati ya mifupa ya nyonga, pana sakafu ya misuli ishikiliayo kibofu na, kwa wanawake, mji wa mimba. Nyuma kuna misuli mifupi mifupi iliyoshikanisha pingili za uti wa mgongo moja kwa nyingine. Mkaja huo, kiwambo, sakafu na vishikizo vya nyuma hufanya kazi pamoja. Mfano wake ni kiriba cha maji. Kiriba kilichojaa na kufungwa vizuri husimama. Ukikilegeza kamba hulala kama kitambaa. Tumbo lililofungwa kutoka ndani huusaidia mgongo kusimama, na mgongo hauachiwi kazi yote peke yake.

Mwaka 1996 Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza jambo la ajabu. Walichukua watu 15 wenye maumivu ya mgongo na watu 15 wazima, wakawaingiza nyaya nyembamba sana katika misuli ya tumbo, kisha wakawataka wainue mkono kwa haraka. Kuinua mkono tu! Kwa wazima, ule msuli wa ndani ulikazika kabla mkono haujaondoka, kana kwamba mwili umetia nia kabla ya kutenda. Kwa wale wagonjwa ulichelewa. Mwaka huohuo Julie Hides na wenzake hukohuko walionyesha kwamba mtu aliyeshikwa na mgongo kwa mara ya kwanza huweza kupona maumivu kabisa, na ile misuli mifupi ya nyuma ikabaki imesinyaa isirudi yenyewe. Wengi wetu hudhani kwamba maumivu yakiondoka ndiyo afya imerudi.

Sasa nisije nikauza dawa kuliko mwenye duka. Habari ya msuli huo ilipoenea ilifanywa biashara kubwa, na watu wakaambiwa kwamba ndio ufunguo wa kila ugonjwa. Uchunguzi uliofuata haukuthibitisha hayo. Mazoezi ya kuiamsha misuli ya ndani yasaidia, lakini wataalamu walipoyapima pamoja na mazoezi ya namna nyingine kwa wenye mgongo wa muda mrefu hawakuona tofauti kubwa. Kwa maneno mengine, anayetembea kila siku au kuogelea naye yumo njiani. Kijana wangu alilikubali hilo bila ubishi. Aliniambia kazi yake ni kuniamsha tu. Kutembea ni juu yangu.

Habari ya mshipi ilinistua zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi wa Desemba 2023 juu ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu, na maumivu ya mgongo kwa jumla, kwa hesabu ya mwaka 2020, yaliwashika watu milioni 619 ulimwenguni, na hakuna maradhi yanayowalemaza watu wengi kuyapita. Mwongozo huo umesifu mazoezi na mafunzo ya kujitunza. Na miongoni mwa mambo uliyoshauri yasifanywe kwa desturi ni kuvaa mishipi ya mgongo. Nikaukumbuka mshipi wangu wa miezi minane na bei yake.

PUMZI YA MSOMAJI

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba sauti yangu ilirudi. Katika ile miezi ya kiti nilikuwa nikijikunja, na niliposoma maulidi au kughani mashairi pumzi ilikatika katikati ya mshororo, jambo la aibu kwa mtu wa kazi yangu. Nilidhani ni uzee. Kijana akanieleza kwamba kiwambo kivutacho pumzi ndicho hichohicho kisaidiacho kuusimamisha mgongo. Ukijikunja unakibana, na kikibanwa chashindwa kazi zote mbili.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, aliyekuwa akipita nyuma yetu na bakora yake, hapigi, ila anaigusisha tu katikati ya mgongo wa aliyejikunja. Sisi tulidhani ni adabu tu. Labda kwake nayo ilikuwa adabu tu. Lakini anayetaka kuisoma aya ndefu bila kuikata mahali pasipo kituo hana budi kukaa wima, na hilo kila msomaji mzuri alijua kwa kifua chake.

Wazungu nao walilifikia kwa njia ya sauti. Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa mtu wa kusoma mashairi jukwaani, na sauti yake ikawa yamkauka. Madaktari hawakuona ugonjwa. Akasimama mbele ya vioo akajichunguza, akaona kwamba kila alipotaka kusema alikivuta kichwa nyuma na chini, akakaza shingo. Alipoiacha tabia hiyo sauti ikamrudia, na maisha yake yote yaliyobaki akawa afundisha watu namna ya kujibeba.

Jambo moja nalisisitiza, kwani wengi hulikosea. Hakuna mkao mmoja mtukufu ambao mtu akae nao kutwa kama sanamu. Chuoni tulikaa mkekani, lakini kila mara tukibadili: mara tumekunja mguu huu, mara huu, mara tumeinuka kuchota maji. Ubaya ulinianza nilipopata kiti na meza, nikawa naketi saa nne mbele ya maandishi bila kuinuka hata kunywa maji.

MIZIGO

Wazee wa Mombasa watawakumbuka mahamali wa Bandari ya Kale. Mimi niliwaona nikiwa mtoto, wengi wao Washihiri, wakipandisha vikapu vya tende kutoka majahazini. Mtu hakunyakua mzigo. Alijifunga kiuno, akauingia mzigo chini, akatoa sauti, "he!", na katika sauti hiyo akainuka. Ile sauti haikuwa mbwembwe. Pumzi itokapo kwa kukazwa, na tumbo hukazika nayo.

Lakini tusiwafanye kuwa malaika. Niliwaona pia uzeeni mwao, wamekaa barazani na vikombe vya kahawa, na wapo ambao hawakuweza tena kunyoosha magoti. Mwili waweza kufundishwa kubeba, hauwezi kufundishwa kudhulumiwa.

Kuna uchunguzi uliofanywa papa hapa Kenya ambao Mkenya mmoja tu katika elfu, nadhani, ameusikia. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliandika katika gazeti la kisayansi la Nature habari za wanawake wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikuyu, wabebao kwa ukanda wa kipajini. Walipima pumzi zao wakitembea na mizigo. Wakaona kwamba mwanamke aliyezoea aliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya atumiazo akitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza siri: wanawake hao wabebapo, mwendo wao hubembea vizuri zaidi, kama timazi la saa, wala nguvu hazipotei bure kila hatua.

Habari hiyo ilitufurahisha wengi. Lakini mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, na hawakuikuta bahati hiyo. Wengi wao walilalamikia shingo. Basi anayekaa kivulini na kumsifu mama mwenye ndoo kichwani kwamba ana mwendo wa malkia, kwanza ampokee ndoo.

NENO KWA KINA MAMA

Hapa naomba radhi, kwani naingia uwanja usio wangu, ila mke wangu amesema nisipoandika mimi hataandika mtu.

Yapo maradhi ambayo mwanamke huyaficha hata kwa nduguye. Akikohoa, akicheka, akiinua mtoto, mkojo humponyoka kidogo. Kwa mwanamke wa Kiislamu hili si la nguo tu. Ni la udhu. Mke wangu anamjua mmoja aliyeacha kwenda msikitini kusali tarawehe, si kwa uvivu, bali kwa hofu ya kuinama. Aliamini kwamba ni adhabu ya kuzaa watoto wengi na kwamba halina la kufanywa.

Lina la kufanywa. Ile sakafu ya misuli niliyoitaja huvutwa na mimba na uzazi, na sakafu hiyo, kama msuli mwingine wowote, hurudi kwa mazoezi: kuikaza kama mtu azuiaye haja, kuishika kidogo, kuilegeza kabisa, na kurudia, kila siku, kwa miezi. Daktari wa Marekani Arnold Kegel aliandika juu ya mazoezi hayo mwaka 1948. Majaribio mengi yaliyokusanywa hadi mwaka 2018 yalionyesha kwamba wenye maradhi ya kuvuja wakikohoa waliofundishwa mazoezi hayo walipona mara nane zaidi ya wasiofanya. Na huko Australia, mwaka 2006, takwimu za wanawake zaidi ya 38,000 zilionyesha kwamba kuvuja mkojo na taabu za pumzi vilifuatana na maumivu ya mgongo kuliko hata unene ulivyofuatana nayo. Ni kiriba kilekile.

Na hadi apone, sheria haikumfungia mlango. Katika madhehebu yetu ya Shafii mwenye udhuru wa kuvuja daima hujitwaharisha, akajifunga, akatawadha baada ya wakati kuingia kwa kila sala ya faradhi, akasali bila kukawia. Amwulize mwanachuoni amwaminiye juu ya hali yake. Lakini asikae nyumbani.

RUKUU

Watu wengine hupenda kusema kwamba sala ni mazoezi. Mimi silipendi neno hilo. Sala ni ibada, na anayeinama kwa ajili ya mgongo wake hajamwinamia Mola wake. Hata hivyo siwezi kukanusha kile nilichokiona.

Kwa faradhi tano za siku mna rakaa 17, rukuu 17 na sijida 34. Imepokewa kwa Bi Aisha kwamba Mtume alipokuwa katika rukuu hakuinua kichwa wala hakukiteremsha, bali kilikuwa kati ya hayo. Sijida nayo ni ya viungo saba, paji la uso, viganja viwili, magoti mawili na ncha za nyayo mbili. Na kila nguzo yataka utulivu. Asiyetulia hana sala. Tulisoma hayo tukiwa watoto, tukayahifadhi kwa ajili ya mtihani. Nilipoanza kurudi chini kutoka kitini niligundua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikirukuu kama mtu achungulieye kisima, mgongo duara, na nikiinuka kwa kujirusha.

Sikufundishwa mkao mpya. Nilirudishwa kwenye ule niliofundishwa nikiwa na miaka 5. Wiki ya kwanza nilirukuu nimeshika ukuta nyumbani. Mwezi wa tatu nilisujudu juu ya mkeka, nikakaa pale chini muda mrefu kuliko inavyohitajika, na waliokuwa nyuma yangu wakadhani nimeshikwa tena.

JIBU LA MAMANGU

Basi siku ile nilimpigia simu kijana wa viungo, naye akanielekeza kwa mwenzake, mama mtu mzima atazamaye wazazi. Jibu lake halikumpa ushindi mtu yeyote. Alisema kufunga si haramu wala si tiba. Baada ya uzazi ule ukanda wa katikati ya misuli ya mbele huwa umepanuka, na kwa wengi hupungua wenyewe katika wiki za mwanzo. Nguo iliyofungwa kwa kiasi, kuanzia nyonga, ambayo mzazi aweza kupitisha mkono na kuvuta pumzi mpaka mwisho, humpa faraja na kumsaidia kusimama. Nguo iliyokazwa kama mzigo wa punda huisukuma ile nguvu ya tumbo iende chini, juu ya sakafu ambayo imetoka kuteseka. Na aliyepasuliwa amwulize daktari wake kwanza. Kisha, iwapo kuna mkaja au hakuna, yule wa ndani aamshwe, kwa pumzi, polepole, na uzito ule alioutaja bintiyangu upimwe na mtu ajuaye, usiachwe.

Nilipomaliza kueleza, mamangu alinyamaza. Halafu akauliza hayo mazoezi ya pumzi ndiyo yapi. Bintiyangu akalala mkekani akamwonyesha, mimi nikatoka ukumbini kama ipasavyo. Nikasikia kanga ikichakacha, kisha sauti ya mamangu, nayo ilitoka chini, kwa hiyo naye alikuwa amelala:

"Hivi? Aa! Haya si ndiyo tuliyofunzwa na somo yangu, kabla sijaolewa?"

"Kwa nini hukutufunza sisi, Nyanya?"

Sikulisikia jibu. Nilisikia kicheko cha watu watatu.

Mkaja ulifungwa, kwa kulegezwa, ukavuliwa usiku, na arubaini ilipokwisha ukafuliwa, ukafukizwa, ukarudi kashani. Bintiyangu amekwenda kwa yule mama mara nne na bado anaendelea. Ama kile kiti changu msikitini, sasa hukikalia mwenzangu mmoja niliyesoma naye chuoni, naye amevaa mshipi mpana chini ya kanzu. Ijumaa iliyopita nilimwandikia nambari ya kijana wangu nyuma ya bahasha.